Baka Jeupe Kinywani: Kisu, Moto na Mwali wa Leza

Baka jeupe kinywani haliumi. Halitoi damu, halinuki, wala halimzuii mtu kula. Mwenye nalo anaweza kukaa nalo miaka bila kulijali, akilihisi tu pale ulimi unapopita juu yake na kukuta panakwaruza. Madaktari wa kinywa huliita leukoplakia. Ni baka lisilofutika kwa kitambaa, ambalo daktari, akishaondoa uwezekano wa maradhi mengine yote anayoyajua, hubaki hana jina jingine la kulipa. Mengi ya mabaka hayo hubaki yalivyo mpaka mwenye nayo anafariki kwa sababu nyingine kabisa. Machache hugeuka saratani.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa ugonjwa huu hapana budi kuongeza kwamba si kila wingu huishia mvua, na matabibu wametumia karne moja na nusu wakijaribu kujua wingu lipi ni lipi. Katika muda huo wamelishambulia baka kwa dawa za kuchoma, kwa kisu, kwa umeme, kwa baridi kali, na hatimaye kwa leza.

London na Budapest

Katikati ya karne ya 19, James Paget, daktari mpasuaji wa Hospitali ya St Bartholomew jijini London, aliyaona mabaka haya katika vinywa vya wavuta kiko. Mwaka 1870 alichapisha maelezo ya saratani iliyoota juu ya ulimi ambao tayari ulikuwa umefanya magamba meupe. Hapo ndipo mambo mawili yaliyokuwa yakitazamwa mbalimbali, baka lisilo na maumivu na uvimbe unaoua, yalipoanza kusomwa pamoja.

Mwaka 1877 Ernő Schwimmer, daktari wa ngozi wa Budapest, aliyachambua mabaka hayo kwa kina na kuyapa jina la leukoplakia. Jina likashika, lakini chanzo kikabaki cha kugombaniwa. Wako waliolaumu kaswende, iliyokuwa imetapakaa Ulaya. Wako waliolaumu meno yaliyovunjika yanayokwaruza shavu na ulimi. Wako waliolaumu tumbaku. Tiba nayo ilifuata imani ya daktari: huyu alipaka dawa kali ya kuchoma, yule alikata, mwingine alimwambia mgonjwa aache kiko, na mgonjwa akaitikia kwa kichwa, akatoka, akawasha.

Mgonjwa wa Vienna

Hakuna baka jeupe lililoandikiwa habari nyingi kuliko lile la Sigmund Freud. Mwezi Februari 1923, akiwa na umri wa miaka 66, mwanzilishi huyo wa taaluma ya uchambuzi wa nafsi aliona kitu kimeota upande wa kulia wa kinywa chake, kwenye taya la juu na kaakaa. Mwenyewe alikuwa daktari, akalitambua kuwa leukoplakia. Alikuwa akivuta biri kama ishirini kwa siku, na alikwisha kuonywa tangu ujana wake kwa ajili ya moyo. Alijua daktari yeyote angemwambia nini, kwa hiyo alinyamaza kama miezi miwili.

Mwezi Aprili alimwonyesha daktari Felix Deutsch. Deutsch alitazama na papo hapo akaelewa kwamba ameona saratani, lakini hakuthubutu kutamka. Alimwambia Freud kwamba ni leukoplakia mbaya, na kwamba iondolewe. Freud akaenda kwa Marcus Hajek, profesa wa maradhi ya pua na koo, aliyemhakikishia kwamba upasuaji wenyewe ni mdogo.

Tarehe 20 Aprili Freud alikwenda hospitali bila kuwaaga watu wa nyumbani. Baadaye familia ilipigiwa simu imletee vitu vya kulalia. Mkewe Martha na binti yao Anna walimkuta ameketishwa kwenye kiti cha jikoni, nguo zake zimetapakaa damu. Hapakuwa na wodi ya kumlaza. Alipewa kitanda katika chumba kidogo pamoja na mgonjwa mwingine, mbilikimo mwenye ulemavu wa akili. Saa ya chakula wauguzi waliwaondoa mama na binti. Walipokuwa hawapo, jeraha likafumuka na damu ikamwagika. Freud hakuweza kusema wala kuita. Alibonyeza kengele, kengele ikawa mbovu. Yule mbilikimo ndiye aliyekimbia kuwaita wauguzi, na damu ikazuiwa. Anna aliporudi na kusikia yaliyotokea, alikataa kuondoka tena. Akakesha kando ya kitanda cha baba yake usiku kucha.

Maabara ilithibitisha saratani. Mgonjwa hakuambiwa waziwazi. Alipewa mionzi ya eksirei na radiamu, akaendelea kuumwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo alihamia mikononi mwa Hans Pichler, mpasuaji wa taya aliyekuwa hodari kuliko wote Vienna. Kwa ganzi ya sindano tu na dawa ya kutuliza, Pichler alikata sehemu kubwa ya taya la juu upande wa kulia na sehemu ya kaakaa, akaacha kinywa na tundu la pua vimekuwa chumba kimoja. Ili mgonjwa aweze kula na kusema, alitengenezewa kaakaa la bandia, pande kubwa la kuziba uwazi huo. Lilimuumiza lilipokuwa ndani, na lilipotolewa halikurudi kwa urahisi. Nyumbani walilipa jina la zimwi. Baadaye sikio la kulia likaziba, na Freud akalazimika kuhamisha kochi la wagonjwa wake upande wa pili wa chumba ili awasikie.

Saratani ile ya kwanza Pichler aliishinda. Kwa miaka iliyofuata haikurudi, ila mabaka meupe yalirudi. Kila baada ya muda Pichler alikuta jipya kwenye ukingo wa kovu, au pembeni yake, akalikata au kulichoma kwa umeme, akakipeleka kipande maabara, akamwambia mgonjwa aache biri. Mgonjwa hakuacha. Kovu likazaa kovu, kinywa kikawa kigumu kufunguka, na kila upasuaji ukawa mgumu kuliko uliotangulia. Mwaka 1936 saratani ilionekana tena. Mwaka 1938, baada ya Wanazi kuitwaa Austria, Freud alihamia London, na mwezi Septemba Pichler akasafiri kwa ndege kwenda kumpasua huko. Jumla ya upasuaji ilipita 30. Tarehe 23 Septemba 1939, Freud alifariki akiwa na miaka 83. Miezi ile ya mwisho saratani ilikuwa imefika mahali ambapo kisu hakifiki.

Kilichoonekana Chicago

Kwa nini mabaka yalirudi, ilhali mpasuaji alikuwa bingwa? Jibu lilipatikana miaka 14 baada ya Freud kufariki. Mwaka 1953 Danely Slaughter na wenzake wa Chicago walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 783 wa saratani ya kinywa na koo. Waliipima kwa hadubini nyama iliyouzunguka kila uvimbe, ile inayoonekana nzima kwa macho, wakakuta nayo imekwisha kuharibika. Baadhi ya wagonjwa walikuwa na saratani mbili au zaidi zilizoota mbalimbali. Tumbaku haichagui sehemu moja ya kinywa. Moshi na mate yake hupita kote. Baka ni pale tu ambapo madhara yameonekana kwanza.

Uchunguzi huo uliwapa wapasuaji somo gumu: unaweza kuondoa baka lote, ukaacha ugonjwa.

Hesabu nazo hazikuwa rahisi. Mwaka 1967 watafiti wa Sweden waliofuatilia watu 782 wenye leukoplakia walikuta asilimia 2.4 wamepata saratani ndani ya miaka 10, na asilimia 4 ndani ya miaka 20. Mwaka 1984 Sol Silverman na wenzake wa San Francisco walifuatilia wagonjwa 257, wakakuta asilimia 17.5. Tofauti hiyo ilitokana na aina ya wagonjwa: waliokutwa na baka kwa bahati katika jamii si sawa na waliopelekwa kwenye kliniki ya mabingwa. Pole pole ilifahamika kuwa baka lililochanganyika na wekundu, au lenye uso wa mabonde na vinundu, au lililo pembeni mwa ulimi na chini yake, ni la kuogopwa zaidi. Na baka la mtu ambaye hajawahi kugusa tumbaku halipaswi kudharauliwa hata kidogo, kwa kuwa chanzo chake hakijulikani na hakuna cha kumwambia aache.

Katika miaka ya 1970 na 1980 njia nyingi zilijaribiwa. Baka liligandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika ili seli zake zife. Mwaka 1986 Waun Ki Hong na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba dawa ya jamii ya vitamini A hulipunguza baka kwa wagonjwa wengi, lakini madhara ya dawa yalikuwa makali, na ilipokatizwa mabaka mengi yalirudi ndani ya miezi michache. Kufikia wakati huo, chombo kipya kilikuwa tayari kimeingia katika chumba cha upasuaji.

Mwali wa Malibu

Mwaka 1917 Albert Einstein aliandika kwamba atomu iliyojazwa nguvu inaweza kuchochewa na mwanga, ikatoa mwanga mwingine unaofanana kabisa na ule uliouchochea. Ilichukua miaka 43 kwa wazo hilo kuwa chombo. Tarehe 16 Mei 1960, katika maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, California, Theodore Maiman alichukua fimbo ndogo ya yakuti nyekundu ya kutengenezwa, akaizungushia taa ya kumulika ya wapiga picha, akapata mwali wa leza wa kwanza duniani.

Madaktari hawakuchelewa. Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Cincinnati, alianza mara moja kuujaribu mwali huo kwenye ngozi na chale za wino. Lakini mwali wa yakuti hunyonywa na rangi iliyokolea. Juu ya nyama iliyopauka haufanyi kazi ya maana. Baka jeupe lilihitaji leza ya namna nyingine, na hiyo ilitoka kwa kijana wa Kihindi, Kumar Patel, mzaliwa wa Baramati, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell huko New Jersey. Mwaka 1964 alitengeneza leza inayotumia gesi ya kaboni dioksidi. Mwali wake hauonekani kwa jicho, na una tabia moja iliyobadilisha upasuaji: hunyonywa na maji. Na nyama ya kinywa kwa sehemu kubwa ni maji. Mwali ukiigusa, maji yaliyomo ndani ya seli huchemka ghafla, seli hupasuka na kugeuka mvuke na moshi, na joto halizami mbali kwenye nyama ya chini.

Huko Boston, Geza Jako, mzaliwa wa Hungary kama Schwimmer, na mwenzake Stuart Strong, waliiunganisha leza hiyo na hadubini ya upasuaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliitumia kwenye nyuzi za sauti, mahali ambapo mkono na kisu havipati nafasi. Kutoka kooni ilipanda kinywani. Mwaka 1979 kundi la Strong lilieleza matumizi yake kwa saratani ndogo za kinywa. Mwaka 1984 John Frame na wenzake wa Uingereza waliandika juu ya kutibu mabaka yanayoelekea kuwa saratani. Mwaka 1986 Hans-Henning Horch na wenzake wakaandika kutoka Ujerumani. Na huko Groningen, Uholanzi, Jan Roodenburg na wenzake wakaanza kazi ambayo ingefuatiliwa kwa robo karne.

Ndani ya chumba cha leza

Kabla ya leza kuwashwa, kipande kidogo cha baka hukatwa kwa kisu na kupelekwa maabara. Hatua hii hairukwi, kwa sababu baka likishageuzwa mvuke hakuna kitakachobaki cha kupima. Moshi hausomwi chini ya hadubini. Kama maabara imekuta saratani tayari, mgonjwa huhamishiwa kwenye tiba ya saratani.

Baka dogo la mbele huhitaji ganzi ya sindano tu. Kubwa au la nyuma huhitaji nusukaputi. Watu wote chumbani huvaa miwani ya kinga, na macho ya mgonjwa hufunikwa. Shashi zilizolowekwa maji hupangwa kuzunguka baka ili mwali ukikosea uzimikie kwenye maji. Ikiwa mgonjwa anapumua kwa mpira, huwa ni wa aina inayostahimili leza, kwa maana plastiki ya kawaida iliyojaa oksijeni hushika moto. Mwali wenyewe ukiwa hauonekani, mashine hutoa pamoja nao nukta nyekundu ya kulengea. Mpasuaji huanza kwa kuchora mpaka, akitia vidoa vidogo kuzunguka baka, milimita kadhaa nje ya ukingo wake. Kisha huchagua: ama alikate baka zima kama kipande, kipelekwe maabara, ama alivukize tabaka kwa tabaka mpaka nyama ya chini ionekane. Msaidizi anafuata na bomba la kufyonza moshi.

Damu hutoka kidogo, maana mishipa midogo huzibwa na joto papo hapo. Jeraha halishonwi. Siku zinazofuata hufunikwa na utando wa njano hafifu, na baada ya wiki chache ngozi mpya ya kinywa huwa imeota. Maumivu huweza kuja baada ya siku kadhaa. Kubwa zaidi ni kwamba kovu hubaki laini: ulimi unatembea na mdomo unafunguka. Baka likirudi, leza inaweza kurudiwa mahali palepale. Mgonjwa aliyechomwa na kukatwa mara 30 kwa vyombo vya mwaka 1930 asingehitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo.

Kilichopimwa baadaye

Mwaka 2005 kundi la Groningen lilichapisha matokeo yake. Wagonjwa walikuwa 200, mabaka yaliyotibiwa kwa leza 282. Mabaka 251, yaani asilimia 89, hayakurudi. Mabaka 28 yalirudi, na matatu yakageuka saratani. Vituo vingine vilivyotumia leza vilikuta mabaka yakirudi mara nyingi zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata ukatoka utafiti wa Copenhagen uliowanyima wengi usingizi. Palle Holmstrup na wenzake walilinganisha mabaka yaliyoondolewa kwa upasuaji na yale yaliyoachwa yakiangaliwa. Kati ya yaliyopasuliwa, asilimia 12 yaliishia saratani. Kati ya yaliyoachwa, asilimia 4. Haina maana kwamba upasuaji huleta saratani, kwani mabaka ya kutisha ndiyo yaliyokuwa yakipelekwa kupasuliwa. Hata hivyo, upasuaji haukuyashusha kufikia usalama uliotarajiwa. Mwaka 2016 mapitio makubwa ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio yote yaliyofanywa kwa utaratibu wa kuaminika, na hayakukuta hata moja lililolinganisha upasuaji wowote, wa kisu au wa leza, na kutofanya chochote.

Kwa hiyo baka likionekana la hatari, madaktari huliondoa, na ni busara kuliondoa. Ila hawamwambii mgonjwa kwamba amepona. Humwambia arudi aangaliwe, mwaka baada ya mwaka.

Meru na pwani

Ugonjwa huu hauko Ulaya peke yake. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kenya, Francis Macigo na wenzake, walichunguza wakazi wa Githongo, wilayani Meru. Waliwalinganisha watu 85 wenye leukoplakia na 141 wasio nayo. Wavutaji wa sigara walikuwa na hatari kubwa kuliko wasiovuta, na wavutaji wa kiraiku, tumbaku ghafi isiyopitia kiwandani, walikuwa na hatari kubwa zaidi. Miraa, iliyokuwa ikishukiwa na wengi, haikuonyesha uhusiano wa maana.

Pwani yetu ina tambuu. Popoo, chokaa na jani vimetafunwa Mombasa, Lamu na Unguja kwa vizazi, mara nyingi pamoja na tumbaku. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilichapisha hitimisho kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu.

Somo kubwa lilitoka India, ambako mwaka 1969 Fali Mehta na Mdenishi Jens Pindborg walikuwa wamechapisha uchunguzi wa vinywa vya wanavijiji 50,915. Mwaka 1986 kundi hilohilo lilitoa matokeo ya jaribio lililohusu watumiaji 36,000 wa tumbaku. Wahudumu walikwenda vijijini, wakawaeleza watu madhara, wakawasihi waache. Walioelezwa waliacha kwa wingi zaidi, na leukoplakia mpya ikapungua miongoni mwao. Hawakuwa na leza wala chumba cha upasuaji.

Leza imeshinda kisu kwa huruma: damu kidogo, kovu laini, mgonjwa anarudi kwake siku hiyohiyo. Haijathibitishwa kuwa inashinda kisu katika kuzuia saratani, na katika hospitali zetu nyingi kisu ndicho kilichopo, nacho kikitumiwa mapema kinafanya kazi. Basi jitazame kinywani mbele ya kioo, penye mwanga: ndani ya mashavu, kwenye fizi, pembeni mwa ulimi na chini yake. Ukiona baka jeupe au jekundu lisilofutika, nalo limepitisha wiki mbili, nenda kwa daktari wa meno hata kama haliumi. Na kama wewe ni mtu wa sigara, ugoro au tambuu, iache leo, kabla hujamngoja daktari akuambie.